Hisa Wapewazo Wafanyakazi: Ni Gharama ya Nani?

Wanafunzi wanaojifunza kutunza vitabu vya hesabu wajua vizuri kwamba mshahara ni gharama. Mtunza fedha akitoa shilingi elfu moja sandukuni akampa karani, huandika elfu hiyo katika hesabu ya mishahara, na faida ya mwaka hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Jambo hili halina ubishi. Lakini katika nchi ya Marekani, kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, watu wenye elimu kubwa walishindana kwa ukali juu ya swali lionekanalo dogo, hata likafika mbele ya Baraza la Seneti. Swali lenyewe ni hili: ikiwa kampuni haimlipi mfanyakazi kwa fedha, bali yampa haki ya kununua hisa zake, je, hiyo nayo ni gharama? Na kama ni gharama, iandikwe kiasi gani?

Nia ya makala hii ni kueleza swali hilo lilitoka wapi, lilijibiwaje, na jinsi hesabu yake ifanywavyo siku hizi, hata hapa kwetu. Maana wako wazazi wenye hisa chache za kampuni zinazouzwa katika masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam, na baadhi ya vijana wanaosoma gazeti hili huenda wakaajiriwa na kampuni itakayowaambia, "Mshahara wako ni huu, na juu yake twakupa hisa." Yafaa wote wawili, mzazi na kijana, wajue ni nani anayelipa.

Kwanza tufahamu kitu chenyewe. Hisa ni fungu la umiliki. Kampuni yenye hisa milioni moja imegawanywa mafungu milioni moja, na kila fungu lina sehemu yake katika mali na faida yote. Kampuni yaweza kumpa mfanyakazi hisa zenyewe, kwa sharti kwamba asiondoke kazini kabla ya muda fulani. Au yaweza kumpa kitu kingine, nacho ndicho kilicholeta fitina yote, yaani haki ya kununua. Huambiwa hivi: "Leo hisa yetu yauzwa shilingi 100 sokoni. Ukikaa nasi miaka mitatu, tutakuuzia hisa 3,000 kwa bei ya leo, hata kama bei ya sokoni itakuwa imepanda namna gani. Ikiwa imeshuka, hulazimiki kununua." Bei ikifika 180, mfanyakazi hulipa 100 akapata kitu cha 180. Ikishuka hadi 60, hanunui, wala hakuna fedha iliyomtoka mfukoni.

Wenye kampuni hupenda mpango huu kwa sababu mbili. Ya kwanza yasemwa hadharani: mfanyakazi mwenye hisa atafanya kazi kama mwenye mali, wala si kama kibarua. Ya pili husemwa kwa sauti ya chini kidogo: kampuni changa isiyo na fedha yaweza kuajiri watu hodari bila kuwalipa fedha nyingi. Kampuni za mitambo ya kompyuta katika jimbo la California zilikua kwa njia hiyo, na hapana haja ya kuwalaumu kwa hilo. Mpango wenyewe ni halali na mara nyingi ni mzuri. Ugomvi ulikuwa juu ya kitabu cha hesabu.

Fundo la ugomvi liko hapa. Siku ile mfanyakazi apewapo haki, bei ya sokoni ni 100, na bei atakayolipa ni 100. Tofauti ni sifuri. Je, amepewa kitu chenye thamani, au karatasi tupu?

Watu wa pwani hawatasumbuka sana na swali hili, kwa kuwa wajua arbuni. Mtu aonaye nyumba inayouzwa, naye hana fedha zote, humpa mwenye nyumba fedha kidogo ili asimwuzie mwingine mpaka muda wa mapatano uishe. Akija kulipa, arbuni huhesabiwa katika bei. Asipokuja, aghalabu arbuni imekwenda. Kwa hiyo ruhusa ya kungoja, huku bei imefungwa, ni kitu ambacho watu hukilipia. Wala mwenye nyumba hadai arbuni kwa uroho. Anajua kwamba bei za nyumba zikipanda katika muda huo, faida itakuwa ya mnunuzi, na zikishuka, mnunuzi aweza kujiondoa. Tena muda ukiwa mrefu, na bei za mji zikiwa zapanda na kushuka ovyo, ataomba arbuni kubwa zaidi. Basi mfanyakazi aliyepewa haki ya hisa amepewa ruhusa ya namna hiyo hiyo, pengine ya miaka kumi, pasipo kutoa arbuni hata senti moja. Ile arbuni asiyoitoa ndiyo aliyolipwa.

Wahasibu wa Marekani hawakulitazama jambo hili hivyo. Mwezi wa Oktoba 1972 baraza lao la wakati ule lilitoa agizo, lijulikanalo kwa namba 25, lililosema kwamba gharama ya haki ya hisa ni tofauti kati ya bei ya sokoni na bei ya kununulia, ikipimwa siku ya kutoa haki. Kwa hiyo kampuni iliyoweka bei ya kununulia sawasawa na bei ya sokoni haikuandika kitu. Yaweza kutoa haki za mamilioni ya dola, na katika hesabu ya faida na hasara pawe na sifuri. Tuwe wa haki kwa wahasibu hao: wakati ule hapakuwa na njia iliyokubaliwa ya kupima thamani ya kungoja. Lakini miezi michache tu baadaye, mwaka 1973, Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya hesabu ifanyayo kazi hiyo hasa, na Robert Merton akaipanua. Kanuni hiyo yataka kujua bei ya hisa leo, bei ya kununulia, urefu wa muda, kiwango cha riba, gawio linalolipwa, na kadiri bei ya hisa iyumbavyo. Mambo haya ni yale yale ambayo mwenye nyumba wetu huyapima kichwani anapotaja arbuni yake. Mwaka 1997 Scholes na Merton walipata tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi hiyo. Black alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1995.

Kipimo kilikuwapo, lakini sifuri ilikuwa tamu, na ni nani apendaye kuiacha? Mkurugenzi alipata utajiri, mfanyakazi alipata matumaini, na faida iliyotangazwa ilibaki kubwa. Watetezi wa sifuri walisema, "Hakuna fedha iliyotoka. Gharama iko wapi?"

Hoja hii yafaa ijibiwe polepole, maana mwanafunzi hodari pia aweza kunaswa nayo. Chukua sinia la wali lililopikwa kwa watu kumi. Mwenyeji akimwalika mtu wa kumi na moja, jikoni hakuna mchele ulioongezeka kutumika. Kitabu cha jikoni chaweza kusema gharama ni sifuri. Lakini waulize wale kumi walioketi. Kila mmoja wao amekula tonge chache kuliko alivyotazamia; kile alichokula mgeni kimetoka mbele yao. Hisa ni hivyo hivyo. Tuseme kampuni yenye hisa milioni moja ina thamani ya shilingi 180,000,000, yaani 180 kwa hisa. Wafanyakazi wanunua hisa mpya 27,000 kwa 100 kila moja, wakaleta shilingi 2,700,000. Sasa thamani ni 182,700,000, lakini mafungu ni 1,027,000. Ukigawanya utapata karibu 177 na senti 90. Kila mwenye hisa wa zamani amepoteza kama shilingi 2 na senti 10 kwa kila hisa, wala hakuandikiwa barua. Sandukuni hakuna fedha iliyopungua, bali zimeingia! Mshahara umelipwa na wenye hisa moja kwa moja, na kampuni ikapata kazi ya wafanyakazi kana kwamba imeipata bure.

Iko hoja nyingine iliyowafedhehesha watetezi wa sifuri. Katika Marekani, mfanyakazi alipoitumia haki yake akapata faida, kampuni aghalabu iliruhusiwa kuihesabu faida hiyo kuwa gharama yake mbele ya mtoza kodi, ili ilipe kodi kidogo. Kwa hiyo kitu kile kile kilikuwa gharama katika karatasi iliyopelekwa serikalini, na si gharama katika karatasi iliyopelekwa kwa wenye hisa. Seneta Carl Levin wa jimbo la Michigan alilipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi.

Baraza jipya la viwango vya hesabu la Marekani, lijulikanalo kwa herufi FASB, lilianza kulichunguza jambo hili mwaka 1984, na mwezi wa Juni 1993 likatangaza azimio lake: haki za hisa zipimwe thamani yake, na thamani hiyo iandikwe kuwa gharama. Ghasia zilizofuata hazijapata kuonekana katika kazi ya uhasibu, kazi ambayo watu hudhani haina kelele. Barua za kupinga zilimiminika. Katika mwaka 1994 wafanyakazi wa kampuni za California walikusanyika mjini San Jose kulilaani baraza la wahasibu. Mwezi wa Mei mwaka huo Baraza la Seneti, likiongozwa katika jambo hilo na Seneta Joseph Lieberman, lilipiga kura 88 kwa 9 kuwataka wahasibu waliache azimio lao. Kura hiyo haikuwa sheria, bali ilikuwa onyo, na wahasibu walilielewa. Mwezi wa Desemba 1994 walirudi nyuma, na Oktoba 1995 wakatoa kiwango namba 123, kilichosema kwamba kuandika gharama ni vizuri zaidi, lakini kampuni isiyotaka yaweza kuendelea na sifuri, mradi ieleze thamani katika maelezo yaliyo nyuma ya hesabu. Katika kampuni kubwa zile 500 zitajwazo mara kwa mara katika soko la New York, hadi mwanzo wa mwaka 2002 ni mbili tu zilizochagua kuandika: Boeing, na Winn-Dixie yenye maduka ya vyakula.

Kwa maoni yangu hapa ndipo mahali pabaya zaidi katika habari yote. Kutofahamiana kuhusu kipimo si aibu. Bali kura ya wanasiasa haiwezi kugeuza jumla ya hesabu, kama vile mkutano wa kijiji usivyoweza kuamua kwamba debe lina pishi chache kuliko zilizomo. Warren Buffett, tajiri ajulikanaye sana wa mji wa Omaha, aliwauliza watetezi wa sifuri maswali matatu mepesi, nayo kwa maneno yetu ni haya: kama haki hizo si malipo, ni nini? Kama malipo si gharama, ni nini? Na kama gharama haitiwi katika hesabu ya faida, itiwe wapi? Sijapata kuona jibu lililomtosha.

Kilichogeuza upepo kilikuwa msiba. Desemba 2001 kampuni ya Enron ya Houston ilifilisika, na Julai 2002 WorldCom ikafuata. Kosa la Enron halikuwa haki za hisa peke yake. Hasa lilikuwa madeni yaliyofichwa. Lakini wakubwa wake walikuwa wamelipwa kwa haki hizo kwa wingi, na mtu aliyelipwa hivyo ana sababu ya kutaka bei ya hisa ipande leo, hata kwa uwongo. Na maelfu ya wafanyakazi wa kawaida walikuwa wameweka akiba yao ya uzeeni katika hisa za kampuni ile ile iliyowalipa mshahara. Siku moja wakakosa vyote viwili. Baada ya hapo watu waliuliza upya kila tarakimu. Julai 2002 Coca-Cola ilitangaza kwamba itaandika gharama ya haki za hisa kwa hiari yake, na kampuni nyingi zikafuata.

Hapo London, baraza la viwango vya kimataifa lililoongozwa na Sir David Tweedie halikungoja Wamarekani. Februari 2004 lilitoa kiwango kiitwacho IFRS 2, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Katika Marekani wabunge walijaribu tena kuzuia: mwezi wa Julai 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kupinga kwa kura 312 kwa 111, lakini mswada huo ukafia Seneti. Desemba 2004 FASB ilitoa kiwango chake kilichorekebishwa, na hiari ikaondolewa. Tangu hapo katika sehemu kubwa ya dunia swali la kwanza limekwisha: ni gharama.

Sasa tufanye hesabu yenyewe, na kila mwanafunzi ashike kalamu. Tuchukue kampuni ya mfano. Mwanzoni mwa mwaka wa kwanza imewapa wafanyakazi 10 haki ya kununua hisa 3,000 kila mmoja, kwa bei ya shilingi 100, kwa sharti wakae miaka mitatu. Siku hiyo ya kutoa, kwa kanuni tuliyoitaja, thamani ya haki moja imeonekana kuwa shilingi 40. Tarakimu hii 40 imefungwa. Haitapimwa tena, bei ya sokoni ipande au ishuke.

Gharama haiandikwi yote siku ya kwanza, kwa kuwa wafanyakazi bado hawajaifanya kazi wanayolipwa. Huenezwa katika miaka mitatu ya kazi. Lakini pengine si wote watakaokaa, kwa hiyo kampuni yatakiwa kukisia. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza yakisia kwamba wawili wataondoka, watabaki 8. Basi 8 mara 3,000 mara 40 ni 960,000, na theluthi yake ni 320,000. Hiyo ndiyo gharama ya mwaka wa kwanza. Mwishoni mwa mwaka wa pili mmoja ameondoka, na kampuni haitazamii mwingine kuondoka. Watu ni 9, jumla ni 1,080,000. Theluthi mbili ni 720,000. Ukitoa 320,000 zilizokwisha andikwa, mwaka wa pili waandikiwa 400,000. Mwaka wa tatu wote 9 wamefika. Jumla ni 1,080,000, ukitoa 720,000, zabaki 360,000. Angalia jinsi makisio ya watu yanavyosahihishwa kila mwaka, huku makisio ya bei hayaguswi. Wanafunzi wengi hukosea hapo.

Je, upande wa pili wa daftari waandikwa nini? Debiti yaeleweka: gharama ya wafanyakazi. Lakini krediti si fedha taslimu, maana hazikutoka. Wala si deni, maana kampuni haitamlipa mtu shilingi. Itatoa karatasi za hisa tu. Basi krediti hutiwa ndani ya rasilmali ya wenye kampuni, katika akiba iliyotengwa kwa ajili ya haki za hisa. Mwenye macho makali atasema, "Kama faida imepungua 320,000 na akiba hii imeongezeka 320,000, jumla ya rasilmali haikubadilika. Kulikuwa na haja gani ya taabu hii?" Asemayo ni kweli. Jumla haikubadilika, kwa sababu kampuni haikutoa mali yake. Kilichobadilika ni habari. Hapo kwanza kitabu kilisema kampuni imepata faida ya milioni nane. Sasa chasema imepata 7,680,000, na kwamba wafanyakazi wamechangia kazi ya 320,000 wakingoja malipo ya hisa. Anayetaka kununua hisa kwa kuangalia faida ataona tofauti.

Mwaka wa nne bei ya sokoni ni 180, na wafanyakazi 9 wanunua hisa zao 27,000. Fedha 2,700,000 zaingia. Ile akiba ya 1,080,000 nayo hufungwa, na zote mbili, jumla 3,780,000, huhamishiwa katika rasilmali ya hisa. Hesabu imekwisha.

Lakini tuseme bei imeshuka hadi 60, na haki zote zimekufa bila kutumiwa. Je, gharama ya 1,080,000 ifutwe? Watu wengi hujibu ndiyo, na kiwango chajibu hapana. Mfikiri mwenye duka aliyemlipa karani wake kwa tiketi ya bahati nasibu iliyonunuliwa shilingi 10. Tiketi isiposhinda, je, zile shilingi 10 zarudi? Karani amefanya kazi, naye amelipwa tiketi. Kwamba tiketi haikushinda ni bahati yake. Bali kama karani angeondoka kabla ya kumaliza kazi, na tiketi haijawa mali yake, hapo gharama ingefutwa, kwa kuwa kazi haikutimia. Tofauti hiyo kati ya kukosa bahati na kukosa kutimiza kazi ndiyo moyo wa kiwango chote.

Namna nyingine za malipo tuzipitie kwa upesi. Hisa zinazotolewa zenyewe, si haki ya kununua, ni nyepesi kupima: thamani yake kwa kawaida ni bei ya sokoni siku ya kutoa. Kampuni ya Microsoft, iliyokuwa imetoa haki nyingi mno, ilitangaza mwezi wa Julai 2003 kwamba itaacha haki na kutoa hisa za namna hii. Iko pia namna ambayo mfanyakazi hapati hisa hata moja, bali hulipwa fedha taslimu kadiri bei ya hisa ilivyopanda. Hapa mambo hugeuka, kwa kuwa sasa kampuni ina deni la fedha halisi. Deni hilo hupimwa upya kila mwisho wa mwaka mpaka lilipwe, na kila kupanda kwa bei huongeza gharama. Hata ile 40 iliyofungwa isingefungwa.

Hoja moja ya wapinzani yastahili heshima. Walisema kwamba 40 ni makisio, na wahasibu wawili waweza kuleta 35 na 48 kwa haki ile ile, hasa kwa kuwa hapana ajuaye bei itayumba kiasi gani miaka ijayo. Ni kweli kabisa. Lakini vitabu vya hesabu vimejaa makisio. Lori likinunuliwa, ni nani ajuaye kama litadumu miaka mitano au minane? Walakini uchakavu wake twauandika kila mwaka. Tarakimu ya 40 yaweza kukosea kwa 5 au kwa 8. Sifuri ilikosea kwa 40 nzima.

Ujanja haukukosekana. Kabla ya kiwango kipya kuanza, mwaka 2005 kampuni nyingi za Marekani ziliwaondolea wafanyakazi sharti la kungoja, ili gharama iliyobaki isipate kuingia katika hesabu za miaka ya mbele. Na mwaka 2006 ilifunuliwa, baada ya uchunguzi wa Profesa Erik Lie wa Chuo Kikuu cha Iowa na wa waandishi wa gazeti la Wall Street Journal, kwamba baadhi ya kampuni zilikuwa zikiandika tarehe za uwongo. Walitazama nyuma, wakachagua siku ambayo bei ilikuwa chini kabisa, wakasema, "Haki hizi tulizitoa siku ile." Wamlipe mtu kwa siri, huku vitabu vikisema sifuri! Lau sifuri isingaliruhusiwa tangu mwanzo, faida ya uwongo huo ingalikuwa ndogo zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Wahasibu wa Kenya walivipokea viwango vya kimataifa mwaka 1999, na wa Tanzania mwezi wa Julai 2004. Kwa hiyo kampuni za masoko yetu zinazowapa wafanyakazi hisa zafungwa na IFRS 2 kama zile za London. Mzazi aliye na hisa aweza kufungua taarifa ya mwaka ya kampuni yake na kutafuta katika maelezo yaliyo baada ya mizania sehemu ya malipo ya hisa. Ataona hapo haki zilizokuwapo mwanzo wa mwaka, zilizotolewa, zilizopotea, zilizotumiwa, na zilizosalia; na pia makisio yaliyotumiwa kupima thamani. Azitazame zilizosalia, kisha azilinganishe na hisa zote za kampuni. Zikiwa mbili katika mia, sinia halijaingiliwa sana. Zikiwa kumi na tano katika mia, anayo haki ya kusimama katika mkutano wa mwaka na kuuliza.

Wala asidhani mvutano umekufa. Kampuni nyingi za Marekani, hasa za mambo ya kompyuta, siku hizi huandika gharama hii kama sheria itakavyo, kisha katika matangazo yao huonyesha faida ya pili, iitwayo "iliyorekebishwa," ambayo gharama ya hisa imeondolewa tena. Kwa hiyo msomaji akikuta katika ukurasa wa kwanza faida moja, na katika hesabu zilizokaguliwa faida nyingine iliyo ndogo, atafute kwanza kama tofauti yake ndiyo mishahara ya hisa.